Nguo Nilizoanika Juu ya Jiko

Akina mama wenzangu, mwagonile. Mtaniruhusu niseme nikiwa nimekaa. Tangu asubuhi nimefua mashuka ya gesti mbili na mgongo umegoma. Mwenyekiti wa kikundi chetu amenisihi wiki tatu niseme hapa, nami kila mara nimekuwa na udhuru. Habari ya nyumba yangu kuungua mnaijua nusu. Hiyo nusu nyingine ndiyo nimekuja kuitoa.

Udobi niliuanza miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa. Kabla ya hapo, hapa Bondeni, nani alikuwa na nguo za kumpa dobi? Mtu ana shati moja, analifua akitoka kazini, kesho yake analivaa. Kisha mitumba ikaingia, gesti zikafunguliwa kwa ajili ya wafanyabiashara wa mpakani Kasumulu, mashuka yakawa mengi. Nikapata kazi hadi nikawa naikataa.

Adui yangu alikuwa mvua. Kyela mnaijua. Masika yakishika, hata kamba ya kuanikia haikauki, sembuse nguo. Na mwenye gesti hataki kusikia habari za mvua. Kwa hiyo nikafanya nilivyomwona mama yangu mzazi akifanya: jiko la mkaa chini, tenga limefunikwa juu yake, nguo juu ya tenga. Nepi zetu sote zilikaushwa hivyo. Kazi ilipozidi, tenga halikutosha, nikafunga nyaya mbili chumbani kutoka ukuta hadi ukuta, nikaweka jiko katikati. Nyumba yetu ilikuwa ya mianzi na udongo, juu bati, chini ya bati dari la mikeka. Mume wangu aliangalia akasema, "Huo waya uko chini mno." Nikamjibu, "Wewe uliwahi kukausha nini?" Akachukua baiskeli yake akaenda.

Ndugu zangu, nawaambia, nilichokuwa sikijui ni nguo zenyewe. Pamba ya zamani ikikaribia moto inakuonya. Inageuka rangi, inanuka, unaiwahi. Nailoni na tetroni za mitumba hazionyi. Zinajikunja, zinayeyuka, zinadondosha tone la moto, na tone hilo likifika chini bado linawaka.

Wakati huo tulikuwa tunaishi na mama mkwe wangu. Alitoka kijijini Ikolo kuja kutibiwa miguu, na ilikuwa imefika mahali hawezi kusimama bila kushikwa. Alilala chumba cha pili, mlango wake ukitokea kwenye chumba hicho cha nyaya. Yaani hakuwa na njia nyingine ya kutoka.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri, mvua ya siku ya nne. Nimejaza nyaya, nimepuliza mkaa umekolea. Nikasikia nje watu wanaitana kwamba karibu na soko kuna mtu anafungua belo la mitumba. Nikamwambia mama, "Nakuja sasa hivi." Akasema, "Haya." Nikavuta mlango.

Sikurudi sasa hivi. Belo lilikuwa zuri. Tulisukumana pale, tukacheka, nikamchagulia binti yangu sweta jekundu. Inawezekana ilikuwa saa nzima. Nilipokuwa narudi niliuona moshi, mweusi, mzito, wa godoro la sponji, na bado nikawaza ni kwa watu wengine. Nimefika uwanjani kwangu nimeshika sweta.

Jirani yangu, mama wa dukani, mwenye asili ya pwani, alinikamata mkono. "Usiingie, mwanangu. Mama yuko kwangu." Yeye ndiye aliyesikia kelele. Alilowanisha khanga mbili kwenye pipa la maji ya mvua, moja akajifunika, nyingine akaenda kumfunika mama, akamburuta mpaka nje kwa kumshika kwapani. Watoto wangu walikuwa shuleni. Mama alikuwa amelazwa kwenye baraza la duka, mikono yote miwili imeungua kuanzia viganja hadi viwiko, kwa sababu alijaribu kujisogeza kwa kutambaa, na zile nguo zikawa zinamdondokea.

Balozi wetu wa nyumba kumi akaja. Akauliza, "Moto umeanzia wapi?"

Watu walikuwa wamejaa. Mume wangu ndiyo anaingia, hata baiskeli hajaegesha. Nikasema, "Mama alikuwa anaota moto. Nadhani jiko lilimshinda."

Mama alikuwa hatua tatu kutoka niliposimama. Alinitazama. Hakusema neno.

Hapo ndipo nilipoanguka, wenzangu. Nyumba kuungua ni ajali ya uzembe. Hili nililisema kwa akili zangu timamu.

Uongo ule ulikaa miezi. Mama alitoka hospitali, tukawa tunaishi chumba cha kuazima nyuma ya duka la jirani. Mimi nikamwosha, nikamlisha, kwa sababu mikono ilikuwa haikunji. Watu wakanisifu: mkamwana gani huyu, mama mkwe kamchomea nyumba na bado anamlisha uji kwa kijiko. Nilikuwa naitikia "ndaga," nashukuru, nainamisha kichwa. Nilikuwa nachoka uchovu ambao usingizi hauutoi. Siku moja natafuta kiberiti nisikione, nikakikuta ndani ya unga. Binti yangu, miaka sita, akaniambia, "Nimekificha. Bibi asije akatuunguza tena." Mama alikuwa palepale mkekani, anasikia.

Hata hapo sikusema.

Kisha shemeji yangu mkubwa akaitisha kikao cha ukoo. Walikuja kutoka Ikolo, wakakaa uani kwa jirani. Shemeji akasema mama arudi kijijini, ajengewe kibanda chake mbali na nyumba za watu, apelekewe chakula, asisogezwe karibu na moto maisha yake yote. "Hata wa kuota?" mtu akauliza. "Hata wa kuota." Wakamgeukia mama wamuulize kama ana neno. Akatikisa kichwa kuwa hana. Akaanza kuvuta khanga yake mabegani kwa vile vidole vilivyojikunja, ikawa inamteleza, anaivuta tena.

Nikasimama. Nikasema, "Mama hakugusa jiko. Mimi nilianika nguo juu ya moto nikamfungia mlango nikaenda kwenye mitumba."

Yaliyofuata sitayarudia yote. Shemeji alinena yake na alikuwa na haki.  Mume wangu akawa anakula, anatoka, kama mpangaji. Kikao kilipoisha nikapiga magoti kwa mama, nikamuuliza kwa nini alinyamaza muda wote ule. Nilidhani ataniambia alikuwa amenisamehe. Akasema, "Ningesema nini? Wangekufukuza. Ukifukuzwa wewe, mimi nani ataniosha?"

Basi. Kumbe haikuwa upendo wala msamaha. Alikuwa anaogopa kunikosa.

Msamaha ulikuja baadaye, polepole, na sikuuomba tena. Nilimkanda vidole kwa mafuta ya nazi kila siku mpaka vikanyooka, isipokuwa viwili. Binti yangu nikamkalisha nikamweleza kweli, akaenda mwenyewe kumpa bibi yake kiberiti. Na mume wangu, siku moja bila kuniambia kitu, akaanza kuchimba mashimo ya nguzo nyuma ya nyumba mpya. Ni kile kibanda mnachokiona kwangu: bati juu, pande zote wazi, upepo wa ziwa unapita. Masika nguo zinachukua siku tatu. Wenye gesti wengine wameniacha kwa ajili hiyo. Waache waende.

Nawashukuru mliochangia mianzi na bati kwa nyumba hiyo mpya, Wakristo na Waislamu. Mama wa dukani umekaa pale nyuma, na kovu lako shingoni nalijua, ndaga fijo, asante sana. Mume wangu, ndaga.

Ninalowaomba ni dogo. Nguo mbichi zikae mbichi. Hakuna aliyekufa kwa shuka lenye unyevu. Jiko likae nje, kwa maana mkaa ukiwaka ndani ya nyumba hewa yake inaua hata usipounguza kitu. Ukitaka kutoka, hata kwa jirani, zima kwa mchanga na usubiri uone limezimika. Pasi ya mkaa vilevile, imwage kwanza. Na kabla hujavuta mlango, jiulize ndani umemwacha nani, na kama ana miguu ya kumtoa.

Mama alifariki mwaka jana, kwa uzee, kitandani kwake, nyumbani kwangu. Nilikuwepo, nimemshika mkono.