Mkungu Ambao Jirani Yangu Hakuniuzia

Tumsifu Yesu Kristo.

Upande wa kushoto nimewasikia. Upande wa kulia narudia, maana mnanijua, mimi kitu nakihesabu mara mbili. Tumsifu Yesu Kristo. Hapo sawa. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni.

Mwenyekiti wa jumuiya alinipa dakika tano, nikamtajia ishirini, tukapatana kumi. Nimeomba kusimama leo kwa sababu Jumapili ijayo majina ya vijana waliochaguliwa kwenda ile shule ya wavulana ya mapadri, kule upande wa Biharamulo, yatabandikwa mlangoni pa ofisi ya parokia. Nawajua wenye watoto waliofanya mtihani. Nimewahesabu hapa: kina mama tisa, na kina baba wawili wanaojifanya hawajali. Ndugu zangu, nataka mjue kilichonipata mimi mbele ya mlango ule ule, mwaka ule watu walipovuka daraja kutoka Rwanda hadi barabara ikakosa mahali pa kukanyaga. Jina la mtu sitataja.

Wakati ule nilikuwa nanunua ndizi Kirushya na hapa kwetu, nazipeleka kambini kwa wakimbizi. Nilikuwa na jirani, kati yetu ni safu ya migomba tu. Wazazi wake walitoka Rwanda zamani sana, yeye akiwa mgongoni. Wakapewa ardhi, wakalima, wakazika watu wao hapa. Alikuwa ananiuzia ndizi, na kwa bei hakuwa mgumu. Ila kulikuwa na shina moja nyuma ya nyumba yake ambalo hakuwahi kuniuzia mkungu wake hata mmoja. Mikungu minene, mnajua macho ya mfanyabiashara. Kila msimu naulizia, kila msimu anacheka: "Dada, huo si wa sokoni." Sababu nilikuwa naijua. Nitaifikia.

Mwanawe na mwanangu walizaliwa msimu mmoja, wakaanza darasa la kwanza siku moja. Na tangu siku hiyo mimi sikupumua. Muhula wa kwanza wake wa kwanza, wangu wa nne. Muhula wa pili wake wa kwanza, wangu wa tatu. Darasa la tano wangu akawa wa pili, nikasema sasa tumemkaribia. Wake akabaki pale pale juu, kama jogoo kwenye paa. Mtoto mwenyewe mpole, viatu hana, anasoma huku anachunga mbuzi. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Angekuwa na majivuno ningepata pa kumshika.

Karatasi za matokeo nilikuwa nazijumlisha upya nyumbani kwa kijiti. Safari moja nikaona mwanangu kaibiwa alama mbili. Nikaenda kwa mwalimu. Mwalimu akajumlisha taratibu, akavua miwani, akaniambia: "Mama, kweli nilikosea. Nilimzidishia moja." Nilikwenda kudai mbili, nikarudi nimepungukiwa moja. Mnacheka. Mimi sikucheka. Nilipita mbele ya nyumba ya jirani bila kusalimia, kana kwamba ni yeye aliyeishika ile kalamu.

Basi wakafika darasa la saba, wakafanya mtihani wa kuingia kwa mapadri. Parokia yetu ilipewa nafasi mbili. Siku ya majina nikasukuma watu mlangoni, nikasoma. Wa kwanza, mtoto wa jirani. Wa pili, kijana mmoja wa Bugarama. Halafu kumepigwa mstari kwa rula. Chini ya mstari, mwanangu. Pembeni yake neno moja: akiba.

Nikauliza karani maana yake. Akasema, "Mmoja wa juu akianguka, huyu anapanda."

Ndugu zangu, nawaambia, maneno mengine mtu asiambiwe akiwa na njaa. Nilirudi nyumbani nayahesabu. Mmoja wa juu akianguka. Wa Bugarama simjui wala hanijui. Wa jirani namjua mpaka kovu la gotini.

Siku ile ile jirani alipika, akaita watu. Nilikwenda, nikala, nikasema hongera. Alimwaga machozi ya furaha, nami nikawa naangalia kanga aliyovaa, kwamba ni mpya, kaipata wapi.

Wiki iliyofuata nilipita ofisi ya kata kwa shughuli zangu za soko. Mtendaji alikuwa amechoka. Kila siku alikuwa anaulizwa nani wa kambini na nani wa kijijini, na amri zilikuwa kali. Nikamsalimu, nikamwekea ndizi mbivu mezani, nikasema kama mtu anayezungumzia mvua: "Siku hizi hata watoto wa kuja wanachukua nafasi za shule za wanetu."

Akauliza, "Watoto gani?"

Nikamtajia. Nikamwambia yule mtoto aliletwa, hakuzaliwa hapa. Sentensi mbili tu. Nilizitamka mara moja, kwa mara ya kwanza maishani sikurudia kitu. Akaandika.

Halafu nikaenda kambini, nikatafuta sanduku la bati. Mwenye nalo alikuwa anataka mikungu mitano, nikampa mitatu. Nikalipaka rangi ya kijani, na juu yake nikaandika jina la mwanangu kwa rangi nyeupe. Nafasi hana, sanduku analo. Aliliangalia, akaniuliza, "Mama, nimeitwa?" Nikamwambia, "Utaitwa." Alianza kwenda kisimani kwa njia ya mbali, asikutane na mwenzake.

Barua ikafika kwa jirani. Shule inataka karatasi yenye mhuri wa kata kwamba mtoto alizaliwa hapa, pamoja na shahidi asiye ndugu, aliyekuwepo siku ya kuzaliwa. Siku kumi na nne. Zikipita, nafasi inakwenda kwa anayefuata. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho. Nani kati yetu alikuwa nacho? Hata wangu hakuwa nacho. Tofauti ni kwamba wangu hakuna aliyemuuliza.

Siku ya tano jirani akaja kwangu asubuhi. Mimi napanga ndizi uani. Akaketi kwenye kinu kilicholala, akanieleza habari ya barua kama vile siijui. Kisha akasema:

"Dada, siku ile mlikuwa wawili. Wewe na bibi mkunga. Bibi tulimzika mwaka juzi."

Nikahesabu. Nikahesabu tena. Nikapata mmoja, na huyo mmoja ni mimi.

Sasa ile sababu ya mkungu. Siku mtoto yule alipozaliwa mvua ilikuwa inanyesha vibaya, bibi mkunga macho yamekwisha, hawezi kuona uzi. Aliyekata kitovu ni mimi. Na aliyekwenda nyuma ya nyumba kwenye tope, akachimba, akazika kondo la nyuma chini ya mgomba, kama tufanyavyo huku kwetu, wao na sisi sawasawa, ni mimi. Shina lile ndilo la mtoto. Mkungu wake huliwa na watu wa nyumba, hauendi sokoni. Ndiyo maana hakuniuzia. Mimi mwenyewe ndiye niliyelifanya lisiuzike.

Nikamjibu nini? Nikamwambia: "Kesho kutwa nina safari ya kambini. Nikirudi."

Akainuka. Alipofika mlangoni akaliona sanduku. La kijani, jina limekauka vizuri. Akalisoma.

"Sanduku zuri," akasema. "Wamemwita wako?"

"Bado."

Mimi nikawa napangua ndizi nilizokwisha kupanga. Kisha akasema bila kupandisha sauti, "Siku zimebaki tisa, dada. Nitakusubiri." Akaenda.

Alikwisha kujua. Angeweza kunitukana, nilikuwa na majibu. Mtu wa soko hakosi majibu ya tusi. Lakini aliniambia atanisubiri, na kwa hilo sikuwa na bei ya kumtajia.

Nisiwadanganye kwamba nilikwenda kesho yake. Nilikwenda kambini. Nikarudi, nikajifanya mgonjwa siku mbili. Nilikuwa nahesabu: nane, saba, sita. Nikikaa kimya tu, bila kutenda lolote, mwanangu anapanda juu ya mstari. Ushahidi wa uongo sijatoa, nimeugua tu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa napatana na Mungu, na nilidhani ananipunguzia.

Siku ya kumi na mbili nilikuwa kambini na mzigo. Mama mmoja aliyekuwa anapanga foleni ya mahindi akanunua kwangu ndizi nne, akaniomba nimwongezee moja ya mtoto. Nikamuuliza, kwa kuzungumza tu, kazaliwa wapi huyo mtoto. Akasema, "Njiani." Nikauliza njiani wapi. Akasema, "Sijui jina la mahali. Hakuna aliyebaki wa kuniambia."

Nikampa ndizi. Nikampa na nyingine. Nikafunga mzigo saa nne asubuhi, jambo ambalo sijawahi kulifanya wala sijalirudia.

Siku ya kumi na tatu nikampitia jirani, tukaongozana hadi ofisi ya kata. Mtendaji akasikiliza, akafungua daftari lake, akarudi nyuma kurasa kadhaa.

"Mama," akasema, "mwezi uliopita ulikaa kiti hicho hicho ukaniambia mtoto huyu aliletwa. Leo unasema ulimkata kitovu. Nimwandike yupi, wewe wa siku ile au wewe wa leo?"

Jirani yangu alikuwa ameketi karibu, bega kwa bega. Sikumwangalia.

Nikasema, "Andika wa leo. Wa siku ile alikuwa na mtoto chini ya mstari."

"Rudia," akasema mtendaji, "niandike vizuri."

Nikarudia. Nikaeleza na mvua, na bibi asiyeona uzi, na mgomba. Akaniuliza kama nitaapa. Nikamwambia nitaapa, na asiponiamini achukue jembe nimwonyeshe mahali. Akapiga mhuri. Sauti ya mhuri ule ilikuwa ndogo kuliko nilivyotegemea.

Nje, jirani akasema, "Asante kwa ushahidi." Basi. Ndizi zake misimu miwili aliwauzia wengine, na sikumlaumu.

Mtoto alikwenda. Wangu alibaki chini ya mstari. Sanduku nililikwangua jina kwa kisu, nikampelekea mwenzake. Ukiliinamisha kwenye jua, jina la mwanangu bado linaonekana chini ya lile jipya. Mwanangu baadaye alikwenda kujifunza useremala, na benchi mlizokalia nyinyi wa nyuma ni kazi ya mikono yake. Aliwahi kuniambia mara moja tu: "Mama, ningekuta mtihani mwingine. Yeye asingekuta mahali pengine pa kuzaliwa."

Wala msidhani wivu ulikufa ofisini. Muhula wa kwanza kijana wa jirani alirudi na karatasi: wa kumi na saba kati ya arobaini. Huko wote walikuwa wa kwanza kwao. Ndugu zangu, nilifurahi. Nikaona aibu. Nikafurahi tena. Ila likizo ile jirani alituma niitwe, na kwenye sufuria kulikuwa na ndizi za shina lile. Akanipakulia, akasema, "Hizi huliwa na watu wa nyumba."

Nilikula polepole. Kijana na wangu walinong'onezana jikoni hesabu za kidato cha kwanza, wakacheka kama zamani. Leo yupo kidato cha nne, na naambiwa amekwisha kufika wa tatu. Nimeuliza alama pia. Sijapona kabisa.

Namshukuru mtendaji yule aliyenifanya nirudie. Namshukuru mama wa kambini, popote alipo. Namshukuru mwanangu, asiyewahi kunitazama vibaya. Namshukuru zaidi aliyenisubiri, na yeye yupo humu ndani leo, na kanga ile bado anayo.

Watawaambieni kwamba ukimwangusha mtoto wa mwenzako wako hapandi. Si kweli. Wangu angepanda. Hesabu yangu ilikuwa sahihi, niliirudia mara mbili, na ndiyo maana nawaonya: msingoje hesabu iwakatalie, haitawakatalia. Jumapili, mkifika pale mlangoni, kabla hujatafuta jina la wako, tafuta kwanza jina la mtoto uliyemkata kitovu.

Dakika zangu zimekwisha. Mkungu ule, wapendwa, mwaka huu umenenepa kuliko yote. Juzi nimeuliza bei tena. Amecheka.