Hana wa Mhunduzi, Mke wa Matonya Aliyesemwa Kakimbia

"Mumeo kakimbia, dada. Nenda kapike."

Maneno hayo nyapara Methusela alimwambia marehemu Hana kwenye mdomo wa shimo la ulanga, Jumanne ya tarehe 14 Machi 1911, udongo ukiwa bado mbichi. Hana aliyabeba miaka mitatu na miezi mitatu. Wasifu wake hauwezi kuanzia pengine. Na Methusela aliyesimama kule nyuma ya wazee asogee mbele, asikie vizuri.

Marehemu alizaliwa Ihumwa. Mwaka hakuna aliyeuandika, ila sotoka ilipomaliza ng'ombe wa Ugogo wote yeye alikuwa tayari binti wa kuchunga ndama, akabaki hana cha kuchunga.

Mwaka 1897 aliolewa na Matonya, akaja hapa Mhunduzi. Ng'ombe walikuwa bado adimu, kwa hiyo alitolewa watatu tu na mbuzi, na mmoja wa hao watatu alikuwa na pembe moja. Hana alimwangalia yule ng'ombe, akawauliza wakwe zake kama na yeye aje na sikio moja. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo walipendana.

Shule yake ilikuwa miezi minne ya kiangazi, mwaka 1904, kwa mwalimu Kefa. Aliandika kwa kidole mchangani. Siku alipofanikiwa kuandika jina lake lote kuku alipita juu yake, naye akasema, "Mwalimu, kashasahihisha huyo." Alibatizwa Jumapili ya Pasaka, tarehe 23 Aprili 1905. Jina hakusahau kuliandika. Mengine aliyasahau, kwa sababu mtama haukungoja.

Mhunduzi ya wakati ule wengi wenu hamkuiona. Zilikuwa tembe tisa, kisima kimoja na mashamba ya uwele. Ulanga, lile jiwe linalobanduka karatasi kwa karatasi, ulimetameta njiani kama magamba ya samaki, na hakuna aliyeuhitaji isipokuwa watoto, waliojibandika usoni wakicheza. Mwaka 1908 akaja Mdachi na hema lake. Aliokota kipande, akakiangalia kwenye jua, akacheka peke yake. Mwaka uliofuata kila nyumba ilitakiwa kutoa mwanamume wa kuchimba, na asiyetaka alilazwa chini apigwe hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Malisho yakageuka mashimo. Ng'ombe wakawa wanavunjika miguu. Wazee walikwenda boma kulalamika, wakaambiwa warudi wakachimbe.

Matonya ndiye aliyetolewa na nyumba yake. Siku ile ya Machi mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Wachimbaji walimwambia nyapara kwamba ukuta wa shimo umelowa, utawaangukia. Methusela, mtu wa hapahapa aliyekunywa maziwa ya ng'ombe wa hapahapa, akainua kiboko wakaingia. Waliingia watatu, Matonya, Gideoni na Athuman wa Busi. Hana alipofika na chungu cha ugali alikuta hakuna shimo, ni udongo tu. Methusela alikuwa ameshamwambia bwana wake kwamba wale watatu wametoroka kuelekea Zuzu, kwenye reli. Mzungu akaandika hivyo, na boma wakaingiza kitabuni. Alitaka shimo jingine lianze kesho yake.

Sasa mseme nyie mnaolia leo. Mlisikia ukuta ukianguka. Wifi yake aliyeandika haya alisikia pia, akakaa kimya, naye asijitoe. Sote tuliogopa kiboko. Hana alipita nyumba kwa nyumba akiomba watu wanne wenye majembe wa kulifukua shimo, asubuhi moja tu. Marko, mdogo wake Matonya, alimjibu kwamba mwenye shimo ni Mdachi. Hana alikwenda boma kwa miguu mara tatu, na mara zote tatu karani alimsomea kitabu kile kile, kwamba mumewe ni mtoro.

Mwenye nyumba kwetu huzikwa zizini, kati ya ng'ombe wake. Zizi la Matonya lilikaa bila mwenyewe. Hapakuwa na matanga, kwani mtoro hafanyiwi matanga. Watoto wakaitwa wa mtoro. Hana akachukuliwa kujaza nafasi ya mumewe, akawa anakaa bandani na kisu anapasua ulanga, karatasi kwa karatasi. Vumbi lake lilimwingia kifuani. Mwaka jana alianza kukohoa, mwaka huu akakohoa damu. Alifariki Jumamosi, tarehe 13 Juni 1914, asubuhi, mlangoni kwake. Ameacha mtoto wa kiume, Sila, na wa kike, Ruthu, shemeji yake Marko, na wifi yake Emilia, mwandishi wa haya.

Lakini msiinuke bado.

Mwezi huu ng'ombe walianza kuhara na kufa. Mganga akasema kama ilivyo desturi, wanawake wachukue mifugo. Mnajua siku hiyo ilivyo. Wanawake huvaa migolole ya waume zao, hushika fimbo na mikuki, huchunga, hutukana, huufukuza ugonjwa mpaka nje ya nchi. Mwanamume hukaa mbali, na akiwasogelea atapigwa wala hana pa kushtaki. Kila mwaka Hana aliulizia afya ya ng'ombe wa watu, mkadhani ana wivu, kumbe alikuwa akiingoja siku hiyo.

Jumatano ya tarehe 10, ndiyo siku yenyewe, Mzungu alikuwa amepeleka mizigo stesheni. Hana hakuweza kusimama. Alisema abebwe juu ya ngozi, na ng'ombe wapitishwe kwanza kwenye lile shimo lililoanguka. Methusela alikuwa pale na kiboko chake. Aliangalia kilimani walikokaa wanaume. Hakuna aliyeshuka. Emilia akampokonya kile kiboko, akampa jembe. Methusela alichimba pamoja na wanawake arobaini, na aliyechoka kati yao alipokelewa, yeye hakupokelewa.

Jua la utosini ndipo mifupa ilipoonekana. Walikuwa watatu, wamekumbatiana ukutani. Hana alimjua wake kwa mguu uliopinda, aliopigwa teke na fahali.

"Yuko wapi mume wangu, kaka?" alimuuliza Methusela.

"Yuko hapa."

"Sema wale wa kilimani wasikie."

Methusela akageuka. Alipaza sauti kuelekea kilimani. "Hakukimbia. Niliwaingiza mimi, wote watatu. Sikuwaona wakitoka."

Alitwishwa mifupa ya Matonya kichwani, imefungwa kwenye mgolole, akaswagwa pamoja na ng'ombe mpaka nyumbani. Sila alichimba kaburi zizini, na Marko akachimba naye, bila kuambiwa. Athuman na Gideoni walipelekwa kwa watu wao.

Bwana wa ulanga amerudi, mashimo yanaendelea, na kitabu cha boma bado kinasema mtoro. Hatuna la kukifanya kile kitabu. Ila jioni ile, baada ya kaburi kufunikwa, Hana aliinamisha kichwa akanyolewa, kama anavyonyolewa mwanamke aliyefiwa na mume. Alikuwa mjane kwa siku tatu. Mungu amlaze pema, karibu na mwenzake.