Historia ya Injinia Zipora Ndaki, Aliyepiga Hesabu za Mawimbi

Mchungaji, ndugu waombolezaji, na ninyi wageni wa ofisini mliopewa viti vya mbele, mimi ni Cornel, na familia imenipa jukumu la kuwasomea maisha ya mdogo wangu, Injinia Zipora Ndaki.

Zipora alizaliwa tarehe 14 Machi 1987 hapa Kharumwa, mtoto wa tatu wa mzee Ndaki, ambaye wengi mnamkumbuka kule Rwamgasa akiweka matimba, zile nguzo za kuzuia udongo usiporomoke kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu. Alisoma shule ya msingi hapahapa, sekondari Geita, akahitimu uhandisi wa ujenzi Dar es Salaam mwaka 2012, akaenda ng'ambo kwa shahada ya pili, akarudi 2015.

Mwaka huohuo aliajiriwa na kampuni ya ushauri wa uhandisi, kazi yake ikawa kutengeneza bahari ndani ya kompyuta, na kuyapiga mawimbi yake kwenye nguzo za majukwaa ya baharini ambayo bado hayajajengwa, aone maji yatachimba mchanga kiasi gani, na nguzo izamishwe mita ngapi ndipo isimame. Tulimcheka jamani, mtoto wa Kharumwa na bahari wapi na wapi, naye akatujibu kwamba wimbi halikuangushi kwa kukupiga kifuani, linakula chini ya miguu.

Tarehe 6 Agosti 2016 alifunga ndoa na shemeji yetu Abel, wakajaliwa watoto wawili, Blessing na Davis.

Mwaka 2023 alipigia hesabu jukwaa moja la baharini, akasema nguzo zizame mita thelathini, wakubwa wake wakaamua kumi na nane zinatosha, naye akakataa kutia sahihi, likajengwa hivyohivyo. Msimu wa upepo wa kusi uliofuata jukwaa likainama, vijana wawili wakafa, na ofisi ikatangaza redioni kwamba kosa ni la hesabu za Zipora. Wapiga mbizi walipozama walikuta mchanga umechimbika vilevile alivyosema, lakini hilo redio haikupewa. Watoto wakazomewa shuleni kwamba mama yao ni muuaji, presha ikampanda, na tarehe 2 Novemba 2025 akapata kiharusi, akafariki baada ya wiki moja.

Jana ofisi imetuomba tuseme tu kwamba alikuwa mchapakazi. Alikuwa mchapakazi.

Kwa desturi yetu, msomaji hufika hapa akamwombea marehemu msamaha kwa wote aliowakosea. Zipora alikuwa na ulimi mkali, alinuna haraka, na kama alikukwaza kwa hayo, msamehe. Kwa zile nguzo siombi msamaha kwa mtu yeyote.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliolala hapa msibani tangu siku ya kwanza, na wafanyakazi wenzake mliojua ukweli mkanyamaza, ahsanteni kwa shada la maua.

Pumzika, ng'wana Ndaki. Hesabu yako ilikuwa sahihi.