Mama Dirisha na Mtaa Ulio Chini ya Maji

Mheshimiwa Spika wa Baraza letu la Mkoa, waheshimiwa wajumbe wa pande zote mbili, mnaopatana na mnaonuniana, viongozi wa dini, wazee wetu, ndugu wageni waalikwa, mliokaa na mliokosa viti, na wewe dada yangu, Kiongozi wetu wa Mkoa unayestaafu leo, ambaye miaka yote hii tumekuita Mama Dirisha ukishatupa mgongo, na leo nakuita hivyo mbele ya kadamnasi: nawasalimu nyote kwa heshima.

Najua wapo wanaojiuliza nani kampa kipaza sauti kiongozi wa upinzani siku kama ya leo. Ni yeye mwenyewe. Aliniita ofisini kwake akaniambia, "Fundi, wa kunisifu wako wengi. Nataka mmoja anayenijua."

Nikamwambia, "Nitasema ukweli, dada."

"Ndiyo maana nimekuita. Ila usirefushe."

Hilo la mwisho sikumwahidi.

Ananiita Fundi kwa sababu kabla ya siasa nilikuwa natengeneza redio, katika mtaa uleule ambako yeye alikuwa mkunga. Ndugu zangu, ninyi vijana hamkuuona mtaa ule. Ulikuwa bondeni, na asubuhi ukungu uliulalia mpaka nyumba zikawa kama zinaelea, paa moja hapa, paa moja pale, na sauti za watu zikitoka mahali pasipoonekana. Redio zote zilifunguliwa stesheni moja. Ungeweza kutoka kwa fundi cherehani, upite kwa kinyozi, upite kwa mama yake dada yangu huyu aliyekuwa akifagia kibaraza chake hata kama hakina vumbi, ufike mwisho wa mtaa, na usipitwe na neno hata moja la taarifa ya habari. Mpaka leo nikisinzia mchana huwa naisikia ile sauti moja ikitembea nami mlango kwa mlango.

Jina la Dirisha alilipata zahanati. Kila chumba alichoingia, kabla ya kumgusa mgonjwa, alikwenda kwanza kufungua dirisha. Alipochaguliwa kuongoza mkoa akaja na tabia hiyohiyo. Nani humu hajawahi kukimbizana na karatasi zake zinazopeperuka katikati ya kikao?

Kisha ukaja ule ukame. Mabomba ya miji yetu yalikauka, yakawa yanakoroma tu ukiyafungua. Wanawake waliokwenda kujifungua walibeba ndoo zao wenyewe. Wahandisi wakazunguka mkoa mzima, wakarudi na jibu: lijengwe bwawa, na mabonde yanayofaa ni mawili. Moja lilikuwa la watu wa kaskazini, ambao hawakumpigia kura hata kidogo. La pili lilikuwa letu.

Nilikuwepo kwenye kikao cha kuchagua bonde. Wenzake wa chama walishaamua kabla ya chai kupoa. Mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, alimwambia, "Mheshimiwa, hili halihitaji kuumiza kichwa. Wale wa kaskazini hawana deni la shukrani kwetu, nasi hatuna kwao."

Dada alimgeukia mhandisi. "Lipi litashika maji mengi zaidi?"

Mhandisi akakohoa. "Yote yanafaa, mheshimiwa."

"Sikukuuliza kama yanafaa."

Mhandisi akainamisha uso. "La kwenu, mheshimiwa. La kwenu litashika maradufu."

Basi akasimama, akaenda dirishani, akatazama nje muda mrefu. Aliporudi kuketi, mtaa wetu ulikuwa umeshaondoka.

Mimi nilipiga kura ya hapana. Nilipinga barazani, nilipinga redioni, nilipinga misibani. Na msidhani nimekuja kujirudi: hata leo ningepiga hapana, kwa sababu mtaa ukipotea ni lazima awepo mtu mmoja anayesema hapana, ili isije ikasemwa kwamba uliondoka bila mtu kuulilia.

Waheshimiwa, siku ya mwisho ya kuhama, malori yalishajaa. Mtu mmoja alibaki amekaa sebuleni kwake, kwenye kiti cha mbao, mikono mapajani. Mama yake. Askari waliogopa kumgusa. Wakamwita bintiye.

Alikuja peke yake, bila msafara. Nilikuwa pale mlangoni na kipaza sauti changu cha mkononi, nimejiandaa kuhutubia. Akanipita, akaingia, akakaa sakafuni miguuni pa mama yake.

Mama akamuuliza, "Umekuja kama nani? Mwanangu, au kiongozi?"

"Mwanao, mama."

"Mwanangu hawezi kunitoa nyumbani kwangu."

"Basi kiongozi naye amekuja. Amebaki nje, anaogopa kuingia."

Yule mama alijizuia, akashindwa, akacheka. "Mwite, nimuulize. Maji hayo watakunywa kina nani?"

"Watu usiowajua, mama."

"Na watoto wao?"

"Na watoto wao."

Tulisikia injini za malori zikinguruma nje. Kisha akanyoosha mkono ili ainuliwe, akasema, "Nipeleke nikaage. Lakini naaga wote, siagi nusu."

Ndugu wageni waalikwa, nitawaeleza nilichokiona, na kama mtasema niliota, sitabishana nanyi. Nyumba zilikuwa zimeshang'olewa milango na mapaa. Jua lilikuwa limeingia katika vyumba ambavyo halijawahi kuvifikia tangu vijengwe, likamwagika kwenye kuta za buluu na kijani, likaonyesha alama nyeupe pale kilipokuwa kioo cha kinyozi. Yule mama alisimama mbele ya kila nyumba, nyumba tupu, akabisha hodi. Na kila alipobisha, binti yake alimwitikia kwa niaba ya wenyewe: "Karibu, mama." Hodi. Karibu, mama. Hodi. Karibu. Madereva walizima injini. Tukawafuata nyuma taratibu, watu wote, kama tunaotembea ndani ya usingizi wa mtu mmoja. Sikuhutubia. Ningemhutubia nani?

Maji yalipanda kwa miezi. Tulikaa mlimani tukiyatazama yakiingia mtaani kwa adabu, kama mgeni anayevua viatu. Siku moja tukaona anga tu mahali palipokuwa petu.

Lakini watu hawakumsamehe. Katika mtaa mpya, hakuna aliyeitikia salamu yake. Alikuja arusi zote, alikuja misiba yote, akakaa kiti cha nyuma, na sinia la chai lilimpita kana kwamba kile kiti hakina mtu. Hakulalamika. Msiba uliofuata alikuja tena. Mama yake alifariki akiwa naye katika nyumba ya serikali, na hata siku hiyo majirani wa zamani walizika, wakakung'uta mikono, wakaondoka.

Sasa, dada, nisikilize vizuri, maana hili ndilo nililotumwa.

Wiki iliyopita kinyozi na fundi cherehani walikuja kwangu. Walikaa, wakazunguka sana, mara mvua, mara siasa. Nikawauliza, "Mmekuja kuninyoa au kunishonea?" Ndipo kinyozi akasema, "Fundi, tunasikia Mama Dirisha anarudisha funguo za nyumba ya serikali. Atakwenda wapi?"

Nikawaambia sijui. Na kweli sikujua. Nyumba ya kwao ina samaki. Viwanja vilipogawiwa alikataa cha kwake. Alisema aliyewahamisha watu hawezi kupanga foleni nao.

Fundi cherehani akasema, "Tulipojenga mtaa mpya tulijipanga vilevile kama zamani, kila mtu na jirani yake. Katikati yangu na kinyozi tuliacha uwazi. Mwanzoni tuliuacha kwa hasira, ili akipita auone, umchome. Hasira ilipoisha hatukujua la kuufanyia. Watu walitaka kuununua, tukakuta hatuwezi. Wewe ungeuza?"

Dada, uwazi ule sasa una nyumba. Ni ndogo, ina vyumba viwili na kibaraza. Wamejenga wenyewe, na rangi haijakauka vizuri. Walinibebesha mimi ujumbe kwa sababu wao wanaona haya, na kwa sababu walidhani ukisikia kutoka kwa mpinzani wako utaamini.

Wamekuja. Wako safu ya mwisho kabisa, kushoto, wamejificha nyuma ya bendi. Kinyozi, simama, acha kujikunyata. Fundi cherehani, nawe simama. Wengine nanyi simameni, mtaa mzima, akuoneni.

Mheshimiwa Spika, nakushukuru kwa nafasi hii. Wageni waalikwa, asanteni kwa kunitegea sikio. Nampisha dada yangu kipaza sauti, maana hawa waliosimama wanasubiri jibu lake, na hawataketi kabla hajawajibu.