Mvua za Arndís kwenye CD

Jambo la mwisho la kawaida nyumbani kwa Eyvindur lilikuwa milimita nne nukta moja. Jumanne moja ya mwezi wa tatu, mwaka 2002, saa tatu kamili asubuhi, mkewe Arndís alitoka uani akiwa amevaa koti juu ya nguo ya kulalia, akamimina maji ya kipimamvua kwenye gilasi nyembamba, akainama hadi macho yakalingana na maji, akasoma, kisha akarudi ndani kuandika namba kwenye kompyuta. Hajavua hata viatu, manyunyu yakaanza. Eyvindur akamtania kwamba amewahi mno, arudi nje akaongeze. Arndís akamjibu kama alivyomjibu kwa miaka ishirini na miwili: mvua inayonyesha baada ya saa tatu ni ya kesho. Mchana ule alianguka jikoni. Jioni haikumkuta.

Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa nne Eyvindur alikuwa kijiweni. Kijiwe chao kimo ndani ya maji: bwawa dogo la duara kando ya bwawa la kuogelea la mji, lenye maji yanayotoka ardhini yakiwa ya moto, na benchi la saruji linalolizunguka kwa ndani. Mtu hukaa maji yakimfika mabegani, upepo wa baharini ukimpiga utosini. Kahawa hukaa kwenye chupa ya chai juu ya stuli, ukingoni, na vikombe ni vya karatasi. Hapo hakuna mkubwa. Kila mmoja ameshaonekana bafuni, ambako lazima kuoga kabla ya kuingia majini, akijisugua bila nguo, na mtu uliyemwona hivyo hawezi tena kukutisha kwa cheo.

Mbali na yeye walikuwepo watatu. Bárður, aliyetengeneza injini za meli maisha yake yote, aliitwa Dizeli. Salvör aliitwa Sentrali kwa sababu kwa miaka thelathini aliunganisha simu za wilaya nzima kwa mikono yake, na watu waliamini kwamba bado anakumbuka nani alimwambia nani nini. Oddgeir aliendesha lori la samaki na kusoma magazeti ya sayansi akisubiri kupakia. Waliomwita Profesa walifanya hivyo kwa kejeli. Yeye alilipokea jina kwa heshima zote.

Mada ilikuwa ileile ya wiki tatu: CD ya Eyvindur. Arndís, aliyekuwa mwalimu wa hesabu, alijiandikia mwenyewe programu ya kutunzia mvua. Ofisi ya hali ya hewa alikuwa akiipelekea jumla ya kila mwezi tu. Mvua za siku moja moja, za miaka yote ile, zilikuwa kwenye programu yake na si mahali pengine. Baada ya Pasaka Eyvindur alinakili kila kitu kwenye CD, au kuichoma kama wasemavyo, akaandika jina juu yake kwa mwandiko safi, na siku hiyohiyo akaipeleka kompyuta ya zamani jalalani, kwa sababu hakuweza kuendelea kuiona pale mezani. Alipoyanakili mafaili kwenye kompyuta mpya na kuifungua programu, ilimwambia: Faili limeharibika. Siwezi kuendelea. Maneno yale aliyatambua. Ni Arndís aliyeyaandika. Na Ijumaa angekuja mtu wa ofisi ya hali ya hewa kuchukua kipimamvua pamoja na kumbukumbu zote.

Dizeli alitaka kujua CD ilichomwa kwa kasi gani. Eyvindur akasema ishirini na nne.

– Basi hapo ndipo ulipoiua, bwana. Mashine haikimbizwi hivyo. Ungeichoma polepole, ukae kando yake, uisikilize.

– Ungeisikiliza ikisema nini? aliuliza Sentrali.

– Wewe nawe. Mashine inasema. Wewe ulizoea kusikiliza watu tu.

Sentrali aliona kosa ni uchafu. Mjukuu wake alisafisha CD ya muziki kwa dawa ya meno ikapona. Eyvindur alikiri kwamba dawa ya meno ameshaijaribu, juzi.

– Ya watoto au ya wakubwa?

– Ya mnanaa.

Sentrali akatikisa kichwa taratibu, kama daktari aliyegundua kwa nini mgonjwa hakupata nafuu.

Dizeli akapendekeza friza. Usiku mmoja tu, ndani ya mfuko wa nailoni, pembeni ya vichwa vya kondoo. Chuma kikisinyaa kwa baridi, vilivyolegea vinarudi mahali pake. Alishawahi kuokoa vali ya mafuta kwa njia hiyo katikati ya bahari. Profesa alingoja amalize, akasogea kwenye kona penye maji ya moto zaidi, ndipo akaeleza kwamba wote wamepotea. Mji mzima umejengwa juu ya jiwe lililowahi kuwa moto wa kuyeyuka, na jiwe hilo lilipopoa lilibaki na sumaku. Juu yake zikaja zile taa za kijani za angani za usiku wa kaskazini, ambazo wiki ile ya Pasaka zilicheza siku mbili mfululizo. Mtu aliyechoma CD katikati ya vitu viwili kama hivyo alitegemea nini?

– Hebu niambie, kompyuta yako inatazama wapi?

– Inatazama ukuta, alisema Eyvindur.

– Ukuta wa kaskazini?

– Profesa, CD haisomwi kwa sumaku, alisema Dizeli. Inasomwa kwa mwanga.

– Ndiyo maana nimetaja taa za angani.

Eyvindur alikunywa kahawa yake. Alijua vizuri walichokuwa wakifanya. Tangu mazishi hakuna aliyemuuliza analalaje wala anakula nini. Walimuuliza habari za CD, kila siku, kwa bidii, na kila siku walimletea dawa mpya. Aliwashukuru kimoyomoyo, na kila siku alirudi nyumbani na hakika kwamba yeye mwenyewe, kwa mkono wake, amefuta miaka ishirini na miwili ya asubuhi za mkewe.

Ng'ambo ya pili ya duara alikaa mwanamke ambaye hakuwa mwenyeji wao. Alikuwa Ylfa, mfamasia mpya wa duka la dawa, aliyehamia mjini wiki mbili zilizopita. Alikuwa amesikiliza tangu kwenye dawa ya meno.

– Samahani, alisema. Mafaili uliyatoa kwenye CD ukayaweka kwenye kompyuta mpya?

– Ndiyo.

– Yakitoka kwenye CD huja yamefungwa. Yanasomeka, ila hayaandikiki. Dukani yalitusumbua hivyohivyo na orodha ya dawa. Programu ikijaribu kuandika ikashindwa, italalamika kwa maneno yoyote iliyofundishwa. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, angalia sifa zake, utaona kijisanduku chenye tiki. Itoe hiyo tiki.



– Ndiko nilikokuwa nakwenda, alisema Dizeli.

– Inaandika nini, lakini, hiyo programu? aliuliza Ylfa.

– Mvua, alisema Eyvindur. Ya kila siku. Mke wangu ndiye aliyekuwa akipima.

– Pole sana. Na sasa anapima nani?

Dizeli alitazama ndani ya kikombe chake. Profesa, mwenye jibu la kila kitu, alitazama mlima. Ilikuwa imenyesha karibu kila siku tangu mwezi wa tatu. Wote walikuwa wamekaa hapa, vichwa vikilowa. Sentrali akanyoosha mkono, akaitikisa chupa ya chai, akasema kahawa imeisha. Kila mmoja akaanza kutafuta taulo lake.

Asubuhi iliyofuata Eyvindur aliwasha kompyuta saa mbili na nusu. Tiki ilikuwepo, ndogo na nyeusi. Akaitoa. Programu ikafunguka bila neno, na mistari ikashuka, mwaka hadi mwaka, mpaka chini kabisa: tarehe kumi na mbili, milimita 4.1. Chini yake palikuwa na mstari mtupu.

Saa tatu kamili alitoka uani. Kwa wiki saba alikuwa akikiona kipimamvua kutoka dirisha la jikoni bila kukisogelea. Chombo cha ndani kilikuwa kizito kuliko alivyotarajia. Alimimina kwenye gilasi, akainama hadi macho yakalingana na maji, akasoma, akamwaga, akamimina tena. Mara nane gilasi ilijaa hadi alama ya kumi. Mara ya tisa ilikoma kwenye tatu nukta sita. Akakilaza chombo kwenye ngazi kichwa chini, kijichuje.

Arndís alikuwa ameweka mahali pa kuandika idadi ya siku, kwa ajili ya nyakati walizokuwa safarini. Eyvindur akaandika 83.6, kisha siku 49. Mwisho programu iliuliza jina la mpimaji, na ilikuwa imeshalijaza yenyewe: Arndís. Alikaa mbele ya jina lile mpaka kahawa ikapoa. Kisha akalifuta, herufi moja moja, akaandika lake, akahifadhi.

Alipigia simu ofisi ya hali ya hewa, akasema CD wataipata nzima, lakini kipimamvua wasikifuate. Alikuwa bado anaeleza aliposikia dirisha likigongwa kidogo kidogo. Akaomba radhi, akaiweka simu mezani bila kuikata, akatoka mbio na soksi kurudisha chombo mahali pake. Manyunyu yalikuwa yameanza, na hiyo ilikuwa tayari mvua ya kesho.