Mzee Mwadini, Sam Langford na King'ora cha Ijumaa

Ijumaa hii, tarehe 31 Machi 1978, Mzee Mwadini Haji Pandu anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha springi hapa Stechford kwa miaka ishirini na saba na karibu miezi saba. Jarida la kiwanda limempa mistari minne, na katika hiyo minne limemfanya Mzambia. Ndiyo maana sisi wa Meza ya Kiswahili, ile iliyo karibu na birika kubwa la chai kantini, tumeamua kumwandikia wenyewe. Kazi nimepewa mimi, Baldev Singh wa idara ya ukaguzi, na Bi Kamla wa ofisini amepiga chapa. Makosa ya lugha ni yangu. Kiswahili changu ni cha Kisumu, na mzee hajachoka kukinyoosha.

Mzee Mwadini alizaliwa Unguja mwaka 1913. Alikuwa mchochea makaa melini mpaka siku aliyoshuka Cardiff, akapanda treni kuja kumtembelea rafiki yake Small Heath kwa siku mbili. Siku mbili hizo hazijaisha hadi leo. Alimpata Bi Maureen, binti wa Kingstanding, ambaye sasa anaelewa Kiswahili chote na kukijibu chote kwa Kiingereza. Jumatatu tarehe 4 Septemba 1950 akaanza kazi hapa kwa ufagio, na baada ya miaka sita akawa mkaguzi. Springi akiibana kwa vidole tu anakwambia imepungua kiasi cha unywele. Ukienda kuipima, kweli imepungua.

Lakini tuache springi. Anayemjua Mzee Mwadini anajua kwamba moyo wake uko kwenye ngumi, tena ngumi za zamani. Melini alifanya kazi na Mmarekani aliyeapa kuwa alimwona Jack Johnson kwa macho yake, na maradhi hayo yakamwingia. Mezani petu bondia aliyeanza baada ya mwaka 1930 hatajwi. Mzee anawaita wacheza dansi. Nikiri hapa kwamba hao tunaowagombania hakuna kati yetu aliyewahi kumwona hata mmoja. Johnson alipoangushwa Havana mwaka 1915, mzee alikuwa na miaka miwili. Hata hivyo hulisimulia pambano lile huku akijifuta uso, utadhani jasho la Johnson limemrukia.

Kila mtu ana wake. Ndugu Fanuel Otieno, dereva wa foklifti, yuko na Jimmy Wilde, yule Mwelshi ambaye hakufika hata kilo hamsini. Ukimcheka anakujibu kuwa wembamba wa reli, garimoshi hupita. Mimi niko na Jack Dempsey, na hoja yangu haina tundu: Willard alimpiga Johnson, Dempsey akamwangusha Willard mara saba katika raundi ya kwanza, basi Dempsey ni zaidi. Aaa, wapi! Mzee husema kwamba kwa hesabu hiyo, mafua yakimlaza Dempsey kitandani, basi mafua ndiyo bingwa wa dunia. Yeye humsifu Johnson kwa akili, ila kipenzi chake ni Sam Langford, mtu mfupi aliyepigana na wepesi na wazito bila kuchagua, na ambaye hakupewa nafasi hata moja ya kugombea mkanda wa dunia. Bi Maureen anasema jina la Langford limetajwa mara nyingi zaidi nyumbani kwake kuliko jina lake yeye.

Mzee hakubali ubishi wa mdomo mtupu. Mkaguzi ni mkaguzi. Alichukua kadi za ukaguzi za kiwanda, zile tunazofunga kwa waya kwenye makasha, akamjazia kila bondia yake: jina, urefu, uzito, uimara, hukumu. Kila siku saa saba mchana bondia mmoja aliwekwa mezani, akapimwa kama springi, akapita au akakataliwa. Kadi hizo alizitunza ndani ya kopo la biskuti, na kopo hilo alilitunza kwenye benchi lake la kazi. Hapo ndipo balaa lilipojificha.

Sasa niwaeleze wageni desturi moja ya hapa. Anayestaafu bila kosa lolote kwenye faili lake hupewa heshima ya kuvuta mwenyewe kamba ya king'ora saa kumi na nusu jioni, siku yake ya mwisho. Stechford nzima hujua kwamba leo kuna mtu ametoka kiwandani na jina safi. Mzee Mwadini hakuwa wa kuvuta. Faili lake lilikuwa na kosa moja tu, la Novemba 1972, na kosa hilo lilikuwa langu.

Mficha uchi hazai, na mimi huu wangu nimeuficha miaka mitano na miezi minne. Siku hiyo mzee alikuwa amenishinda vibaya mezani. Kwa hasira na utani nikachukua kadi mpya, nikaandika: Sam Langford, urefu hautoshi, AKATALIWE. Nikaipiga na muhuri mwekundu. Ya pili nikaandika: Jack Dempsey, APITE. Nikazichomeka kati ya karatasi zake pale benchini ili akizikuta damu imchemke. Lo! Kabla hajazikuta, vijana wa kufungasha wakazoa kadi zote benchini, wakazifunga kwenye makasha, lori likaondoka kwenda kwa wateja wetu wa Coventry.

Huko hakuna aliyejua Kiswahili, lakini muhuri mwekundu kila mtu anausoma. Lori zima likarudishwa. Bwana Tranter, meneja wetu, akashika kadi na kuona jina juu yake, akataka huyo Sam Langford aletwe ofisini mara moja. Alimwita kwa kipaza sauti siku mbili. Walimtafuta kwenye daftari la wafanyakazi, kwenye zamu ya usiku, hata kwenye orodha ya wagonjwa. Meza yetu ilikuwa inakufa kwa kicheko. Mimi sikucheka, kwani wiki hiyohiyo nilikuwa nangoja barua ya kiwanda ili mke wangu Swaran na watoto wapate kuja kutoka Nairobi, na Tranter ndiye wa kuitia saini.

Siku ya tatu Mzee Mwadini akasimama, akasema kadi ni zake. Akaandikiwa kosa. Mimi nikapata barua yangu, na familia ikaja, na nikanyamaza. Niliona haya, na bado naona.

Mwezi huu Bi Maureen alinivuta kando barabarani Coventry Road, akaniambia kwamba mzee husema king'ora hakimshughulishi, lakini yeye amemkuta mara mbili sebuleni akijaribu kuvuta kamba ya pazia, polepole, kama mtu anayejifunza. Usingizi ukanitoka. Nikaenda kukiri kwa mzee mwenyewe. Akasema alijua tangu siku ya kwanza, maana ni Kalasinga mmoja tu kiwanda kizima angeweza kumpitisha Dempsey. Kosa la lori alikuwa amelisamehe zamani. Ila Wallahi, akasema, kwa miaka mitano watu wa Coventry wanaamini kwamba Mwadini Haji alimkataa Sam Langford, na hilo lilimuuma.

Nikaenda kukiri na kwa Bwana Tranter. Faili likafunguliwa, kadi zikatolewa, Bi Kamla akazitafsiri neno kwa neno na kutia saini. Tranter, ili ahakikishe, akashuka kantini kuuliza ni nani hapa anayemwona Dempsey kuwa zaidi ya wote. Kantini nzima ikanielekezea kidole, Fanuel akanielekezea vyote kumi. Kosa limefutwa kwa mzee na kuandikwa kwangu. Mimi sitavuta kamba kamwe, na ni haki.

Basi Ijumaa, saa kumi na nusu, simameni. King'ora mtakachokisikia ni Mzee Mwadini. Asante, mzee wangu, kwa springi, kwa Kiswahili, na kwa mke na watoto ninaokula nao kila jioni. Maisha yako na Bi Maureen yawe marefu, na yawe mema kila siku yake. Jumamosi nitakuja kubisha, ubishi haujastaafu. Lakini ulinipa adhabu moja, niitimize hapa mbele ya watu wote, kwa hati yangu mwenyewe, na nakala iende Coventry:

Sam Langford. Urefu: unatosha. Uimara: hauna kipimo. Hukumu: APITE.