Mama Honorata na Jina Ambalo Halikufutwa

Tarehe 30 Juni 2024, Mama Honorata Leodgar anastaafu baada ya kuihariri Habari za Mwambao kwa miaka kumi na minne. Tulianza naye mtaani Gungu, likiwa gazeti dogo la mtandaoni lenye kompyuta mbili na modemu iliyokamata mtandao ikiwekwa dirishani tu.

Kila mwandishi aliyepita mikononi mwake analiogopa neno "inasemekana". Ukiliandika, alikuita mezani na kukuuliza kwa upole, "Inasemekana na nani? Ana simu?" Mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi walipofurika kijiji cha Kagunga mpakani na uvumi kuwahusu ukazagaa mjini, swali hilo lilituepusha na mengi ambayo leo tungeyajutia. Badala ya uvumi, alimtafuta mmoja wao, Jean de Dieu, aliyekuwa mwalimu kwao, atuandikie maisha ya kambini. Kiswahili chake kilijaa Kirundi. Mama alikinyoosha bila kumnyang'anya sauti yake.

Mwaka uliofuata, Jean de Dieu alileta habari ya maji. Magari yaliyopaswa kuyafikisha kambini yalikuwa yakiyauza njiani, huku akina mama wakipanga ndoo foleni na kurudi nazo tupu. Shirika lenye magari hayo ndilo lililotufadhili. Msimamizi wa magari alikuwa Oswald, mdogo wake Mama Honorata. Wazazi wao walipofariki, Mama ndiye aliyemlea.

Mama alijitoa kwenye habari hiyo. Alinikabidhi mimi niihariri, akaagiza tuandike wazi chini yake kwamba anayetajwa ni ndugu wa mhariri. Kabla haijatoka, Oswald alikuja ofisini.

"Dada, habari ibaki. Ondoa jina langu tu."

"Nikiondoa lako, nitaacha la nani?" Mama akamvutia kiti, akanionyesha mimi kwa mkono. "Kaa, mweleze Pastory upande wako. Ataandika kila neno."

Oswald hakukaa.

Habari ilitoka, na maji yakaanza kufika kambini. Ufadhili ulikatwa, tukahamia chumba cha uani nyumbani kwa Mama, na humo tumefanyia kazi hadi leo. Oswald alifukuzwa kazi, akaenda kuvua samaki kijijini Ilagala. Kila Pasaka Mama alikwenda kumwona, na kila Pasaka aliambiwa ametoka. Mwaka juzi Oswald alifariki. Hawakuwa wamesemezana tena.

Aliporudi kutoka mazikoni, nilimuuliza kama, angepewa kuamua upya, angekubali habari ile itoke.

"Ningekubali," akasema. "Ila ningemfuata mwenyewe nyumbani kwake kumwambia. Nilimwacha aje ofisini kama mgeni."

Tangu siku hiyo, hatumtaji mtu kwa kosa kabla mwandishi wetu hajakwenda kuketi naye, hata kama ni kupanda mtumbwi kumfuata. Sheria hiyo unatuachia, Mama, na tutaishika.

Mama Honorata anahamia Ilagala. Aliyempigia simu kumwalika ni wifi yake Diana, mjane wa Oswald. Alimwambia kuna chumba kitupu, na shamba la mihogo limemshinda peke yake. Mama alilia, kisha akauliza aje na jembe lake au lipo.

Asante kwa kila neno ulilotukatia. Mungu akupe afya, mvua ya wakati wake, na watu wa kula nao jioni.

Pastory, kwa niaba ya wenzako